Golgotha ya Gérôme: Kalvari isiyo na Yesu, wazee wa kanisa wameikataa. Naomba hoja

FundiBrashi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa mabango na michoro ya ukutani, Morogoro. Riziki yangu kubwa ni saluni, mabasi ya shule na kuta za chekechea, ila safari hii nimepata kazi ya heshima. Mtaa mmoja wa kanisa nje kidogo ya mji wananitaka niwachoree Kalvari kwenye ukuta wa mbele, juu ya madhabahu. Upana mita 4, kimo mita 3, lipu imenyooka, praima nimeshapiga. Ijumaa Kuu iwe tayari.

Msalaba wa kawaida nimeuchora mpaka mkono unakwenda wenyewe. Nikataka kitu kingine. Kupekuapekua kwenye simu nikakutana na picha ya Mfaransa, Jean-Léon Gérôme, ya mwaka 1867. Inaitwa Golgotha, kwingine wanaiandika Yerusalemu, na kwingine kwa Kilatini Consummatum est, lile neno la mwisho la Yohana 19:30, "Imekwisha." Nilipoifungua sikuona msalaba hata mmoja. Kuna kilima kikavu, umati unateremka njia ya mjini, askari wa Kirumi wamepanda farasi, wachache wamegeuza shingo kutazama walikotoka, na kule mbele mji na Hekalu chini ya mbingu nyeusi. Nikawa nataka kuifunga, ndipo nikaona kulia, chini kabisa, kwenye udongo: vivuli vitatu vya misalaba, na watu wametundikwa. Basi. Yesu hayumo, wale wanyang'anyi wawili hawamo. Vimo vivuli vyao tu.

Nikaichora kwa penseli, nikawapelekea wazee wa kanisa. Mzee wa kwanza akaigeuza juu chini. Wa pili akauliza, "Hawa wanatoka mnadani?" Mwenyekiti, kwa upole kabisa: "Fundi, tumekuomba Kalvari. Yesu yuko wapi?" Mchungaji alikuwa anacheka chinichini bila kusema neno, na huyo ndiye ninayedhani nikipata hoja nitampata.

Kwa hiyo naomba wanaomjua huyu Gérôme wanisaidie. Alikuwa na maana gani kumtoa Bwana kwenye picha ya Bwana? Watu wa kwao waliikubali? Na kuna swali lilinikwamisha palepale mbele ya wazee: Biblia inasema palikuwa na giza. Giza lina kivuli? Nikikutana nao tena Alhamisi nisiwe bubu.

Chapakazi_77

Fundi, mwenye hela ndiye mwenye ukuta. Mchoree Yesu wake, chukua chako, hayo ya Wafaransa utachora sebuleni kwako.

BintiWaSeine

Usimsikilize Chapakazi. Mimi mtu wa Voi, niko Paris, nafanya kazi mapokezi hotelini. Picha unayoizungumzia iko Musée d'Orsay, makumbusho yaliyokuwa zamani stesheni ya treni kando ya mto. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na ndiko nilikojifunzia haya ninayokuandikia.

Jambo la kwanza, ambalo simu haikwambii, ni udogo wake. Sentimita 82 kwa 144 na nusu. Ukuta wako unaizidi mara kumi kwa eneo. Haikuchorwa kwa ajili ya kanisa hata kidogo. Ilichorwa kwa ajili ya Salon, maonyesho makubwa ya Paris, ambako picha zilibanana ukutani kuanzia chini hadi karibu na dari na mtu mmoja mmoja akasogea kutazama kwa karibu. Ukiisogelea, huoni alama ya brashi. Rangi imelazwa laini kama kioo, mawe yamechorwa jiwe kwa jiwe. Ndivyo walivyofunzwa wachoraji wa chuo enzi hizo: kwanza mchoro wa penseli uwe hauna dosari, halafu rangi nyembamba ya kahawia, halafu tabaka juu ya tabaka, mpaka mkono wa mchoraji ufutike kabisa.

Gérôme alikuwa mtu wa mfumo huo. Alizaliwa Vesoul mwaka 1824, baba yake sonara, akaja Paris akawa mwanafunzi wa Paul Delaroche. Ile tuzo kubwa ya kupelekwa Roma hakuipata, lakini baadaye akawa profesa École des Beaux-Arts, chuo kikuu cha sanaa cha Paris, na mmoja wa wachoraji waliouza sana Ulaya na Marekani. Mwaka 1863 alimwoa Marie, binti wa Goupil, mfanyabiashara aliyechapisha nakala za picha na kuziuza duniani kote. Mwandishi Émile Zola alimsema vibaya mwaka 1867: kwamba huyu anachora picha ili mkwewe azichapishe. Zola hakukosea sana. Gérôme alichora jogoo wanaopigana, gladieta, soko la watumwa, mauaji ya Kaisari. Alikuwa mtu wa kutafuta kisa, na mara nyingine akikipata hakuchora kitendo chenyewe, alichora dakika iliyofuata.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako, naona mimi. Golgotha ilionyeshwa Salon ya 1868 pamoja na picha yake nyingine, kifo cha Marshali Ney, yule wa Napoleon aliyepigwa risasi Paris asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1815. Katika picha ya Ney risasi hazionekani. Maiti imelala kifudifudi kwenye tope kando ya ukuta, kofia imetupwa pembeni, na kikosi kilichomuua kinaondoka kimepanga mstari, mmoja wao amegeuka kutazama nyuma. Ziweke pamoja uone: ni mpango uleule. Waliofanya kazi wameshamaliza, wanakwenda zao. Moja ni kifo cha Yesu asiye na hatia, nyingine ni kifo cha marshali, na kote wauaji wanakupa mgongo.

Waliikubali? Lawama zilikuwepo za kutosha, kwa picha zote mbili. Watu waliozoea kuona mwili wa Kristo katikati ya turubai, mkubwa, umeangaziwa, waliona wamepewa kitendawili. Kwa hiyo mzee wako wa mnadani ana wenzake wa Paris wa 1868, na hao walikuwa wamevaa kofia za hariri. Unaweza kumwambia mwenyekiti kwamba swali lake ni la heshima.

(Kando kidogo: huyuhuyu Gérôme alipozeeka alipiga kelele serikali isipokee picha za kina Monet na Renoir, wachoraji wa mtindo mpya, alizoacha mchoraji mwenzao Caillebotte kwa wosia. Leo zake na zao ziko chini ya paa moja, na foleni haiko upande wake.)

MpimaArdhi

Nijibu la giza, maana ni la kwangu.

Mathayo 27:45 inasema giza lilikuwapo tangu saa sita hata saa tisa. Sisi Waswahili hatuhitaji kubadilisha saa, ni saa zetuzetu: adhuhuri mpaka alasiri. Kinachofuata saa tisa ni kufa kwake, na giza halitajwi tena. Jina la picha ni "Imekwisha." Basi picha ni ya baada ya saa tisa, mbingu bado nyeusi lakini jua limeshapenya. Kivuli kina haki yake.

Halafu upande. Mahali panapoheshimiwa tangu kale kuwa Golgotha, penye Kanisa la Kaburi Takatifu, pako magharibi ya Hekalu, na wakati ule palikuwa nje ya ukuta wa mji. Mwanzoni mwa Aprili, saa tisa alasiri, jua la Yerusalemu liko kama digrii 40 juu ya upeo, upande wa magharibi na kusini kidogo. Kivuli cha mti wa mita 3 kitakuwa na urefu wa mita 3 na nusu hivi, kimelala kuelekea mashariki. Yaani kimeelekea upande wenye mji. Tazama picha yako: jua liko mgongoni kwa mtazamaji, vivuli vimelala mbele yetu, mji uko mbele. Mtu aliyeichora alikuwa amefika. Gérôme alisafiri Misri, Palestina na Shamu mwaka 1862, na alikuwa na tabia ya kuchora mandhari kwenye daftari kila aliposimama.

La nyongeza, kama kuna kijana mjuaji kanisani atakayekwambia giza lilikuwa kupatwa kwa jua: Pasaka ya Kiyahudi huangukia mwezi mpevu, na jua haliwezi kupatwa mwezi ukiwa mpevu, maana wakati huo mwezi uko upande wa pili wa dunia. Mnyamazishe kwa hilo.

MwalimuWaJumapili

Fundi, wazee wanataka andiko, na andiko lipo. Luka 23:48. Makutano waliokuja kutazama, walipoona yaliyotokea, walirudi makwao wakijipigapiga vifua. Hao ndio watu wa mnadani! Wasome wenyewe kwa sauti.

Lakini na mimi nina langu. Mstari wa 49 unasema kina mama waliomfuata toka Galilaya walisimama mbali wakitazama. Hawakuondoka. Ukichora umati wote unateremka na usiache hata mwanamke mmoja aliyesimama, kina mama wa kwaya watakuuliza, nami nitakuwa upande wao.

Kibokoni_Boy

Mimi Muislamu, la msalaba nawaachia wenyewe. Ila kuhusu Gérôme naomba niingie, kwa sababu MpimaArdhi kampandisha cheo.

Huyu bwana amechora watu wetu sana. Kuna picha ya watu wanaosali juu ya paa Kairo, ya 1865, iko Hamburg, na kusema kweli ni nzuri, minara nyuma na anga la jioni. Lakini kuna ile ya mcheza na nyoka, ya miaka ya 1870 mwishoni, iko makumbusho ya Clark Art Institute kule Massachusetts, Marekani. Ukuta wa vigae vya buluu ni wa kasri la Topkapı, Istanbul. Mchezo wa nyoka ni wa Misri. Wazee wameketi chini na silaha za kila namna wanamtazama kijana aliye uchi. Hakuna mahali popote duniani pameonekana hivyo. Kila kigae ni cha kweli na picha nzima ni ya kutunga. Ndio ujanja wa ule ulaini wa rangi: jiwe likichorwa vizuri unaamini na yaliyo karibu yake.

Yerusalemu yake ndiyo hivyohivyo. Vilima alivichora kwa macho, Hekalu hakuliona yeye wala babu yake, Warumi walilibomoa mwaka 70. Kwa hiyo fundi usijifunge kunakili. Yeye mwenyewe alichanganya.

MpimaArdhi

Kibokoni, nimekubali kuhusu Hekalu. Jua sijamsingizia.

FundiBrashi

Nimekaa na simu mpaka chaji ikaisha. Asanteni sana. Dada wa Voi, shikamoo kama umenizidi.

Mchungaji nimempigia leo, nikamsomea Luka 23:48. Akacheka tena, akasema andiko ni zuri ila yeye hali chakula cha wazee peke yake, nimlete mwenyekiti. Nikampigia mwenyekiti. Yule mzee si mkorofi. Alinieleza hivi: "Fundi, pale mbele wanakaa wagonjwa. Mtu ana mwanawe hospitali, anainua macho, anataka kuona aliyeteseka kama yeye. Ukimpa kivuli pembeni chini, na mbele yake amekaa mtu mwenye kitambaa kirefu kichwani, ataona nini?" Sikuwa na la kujibu. Kuanzia benchi la tano kwenda nyuma vile vivuli havionekani kabisa, maana madhabahu na meza vinakinga chini ya ukuta. Nimekwenda kupima, ni kweli.

Kwa hiyo sasa nina maswali mawili. Kivuli kile ni rangi gani ukikitazama kwa karibu? Nikitia nyeusi huku kwetu inakuwa kama lami imemwagika. Na je, kuna mchoraji mwingine wa wakati ule aliyefanya kinyume, Yesu peke yake bila umati? Nataka niwaonyeshe vyote viwili wachague.

BintiWaSeine

Marahaba, ingawa hatujulikani nani mkubwa.

Kivuli si cheusi. Ni udongo uleule wa kilima, wa hudhurungi, umezamishwa tu. Ukitazama ndani yake bado unaona mawe na vijimea. Chukua rangi uliyochorea ardhi, tia kahawia na buluu kidogo mpaka ipoe, na nyeusi iache kwenye kopo. Kingo zake zinakuwa kali karibu na mguu wa msalaba na zinalegea kadiri kivuli kinavyokwenda mbali, hilo hata jua la Morogoro litakuonyesha ukisimamisha mti uwanjani.

Kinyume kipo, tena ni cha mwanafunzi wake mwenyewe. Thomas Eakins, Mmarekani wa Philadelphia, alisoma kwa Gérôme kuanzia 1866, alikuwa Paris picha hii ilipoonyeshwa. Mwaka 1880 akachora Kusulubiwa kwake, kimo karibu mita 2 na nusu. Hakuna umati, hakuna askari, hakuna mama. Mtu mmoja juu ya msalaba, jua kali la mchana, uso umeinama umezama kwenye kivuli, vidole vimekunjamana. Alimfunga mwanafunzi wake kwenye msalaba nje, hewani, New Jersey, akamchora alivyo. Yeye pia watu walimlalamikia: huyu ni mtu anakufa tu, Mungu yuko wapi? Mwalimu alitoa mwili akaacha watu, mwanafunzi akatoa watu akaacha mwili, na wote wawili waliulizwa swali la mwenyekiti wako.

Kama wazee wanataka mwili uliochorwa kwa uchungu wote, watafutie na Kristo msalabani wa Léon Bonnat, 1874, yuko makumbusho ya Petit Palais hapahapa Paris. Ulichorwa kwa ajili ya chumba cha mahakama ya jinai, mshitakiwa na hakimu wautazame. Kila mshipa umechorwa. Bonnat na Gérôme walikuwa marafiki, walisafiri pamoja Misri na Sinai mwaka 1868.

Lakini fundi, kabla hujachagua, rudi kwenye jua la MpimaArdhi. Amesema jua liko mgongoni kwetu na vivuli vimelala mbele yetu. Misalaba basi iko wapi? Haiko nje ya picha mbali huko. Iko nyuma yako, hatua chache, wewe unayetazama. Gérôme hakumtoa Yesu. Amekusimamisha wewe mahali ambapo ukigeuka tu unamkuta. Mimi mle makumbushoni nilijikuta nimegeuka, nikamwona mlinzi na watalii. Kanisani kwenu mtu akigeuka ataona nini? Ukiichora juu ya madhabahu, mgongoni kwa waumini kuna mlango na pikipiki. Picha imesimama kinyume.

Chapakazi_77

Dada, hapo umeniweza.

FundiBrashi

Nimesoma hilo la mgongoni saa nne usiku, asubuhi saa moja nilikuwa kanisani na tepu.

Sikilizeni. Ukuta wa mbele nawachorea Kristo msalabani, peke yake, kimo mita 2 na nusu, kama yule wa Eakins lakini uso nauinua kidogo, kwa sababu ya wale wagonjwa wa mwenyekiti. Hiyo ndiyo waliyoniomba na ndiyo wanayoilipia. Ukuta wa nyuma, wenye mlango, nachora Gérôme. Ibada ikiisha watu wanasimama, wanageuka, wanaelekea mlangoni, na ukutani wanaona umati unaoteremka kwenda mjini, na chini kulia vivuli vitatu vimelala kutokea upande wao. Msalaba uko mgongoni kwao kweli, ukutani. Wakigeuka wanamkuta.

Mwenyekiti nilimsimamisha pale katikati nikamgeuza kwa mabega, mbele, nyuma, mbele. Akasema nimwache apumue. Halafu akauliza ukuta wa pili ni bei gani. Nimemwambia rangi yao, ufundi nusu bei. Mzee wa mnadani ameomba nimchore yeye akiwa mmoja wa wanaogeuza shingo, nimemwambia kofia yake ya pama haikuwepo Yerusalemu.

Taabu zilizobaki ni mbili. Mlango uko katikati ya ukuta, upana mita 1.8, kwa hiyo njia ya kuteremka lazima ipite juu yake na umati ugawanyike, na kulia pana mita 2.4 tu za vivuli, tena pale kuna sanduku la swichi za umeme. Na MwalimuWaJumapili, kina mama nimewawekea nafasi kushoto mwa mlango, wanne, wamesimama wanatazama madhabahuni. Nitumie picha ya mavazi ya kina mama wa Galilaya unayoiamini, maana baada ya maneno ya Kibokoni simwamini Gérôme kwa nguo.

MpimaArdhi

Mlango wa kanisa unatazama wapi? Kama jua la jioni linaingia madirisha ya mbele, vivuli vyako viinamishe vifuate mwanga wa humo ndani, siyo wa Yerusalemu.

FundiBrashi

Unatazama mashariki. Madirisha ya mbele mawili, yako magharibi, vioo vya njano. Jumapili saa sita mwanga unatoka juu tu, lakini ibada ya Ijumaa Kuu wanaanza saa tisa. Nitakwenda Ijumaa hii saa tisa na chaki nione linaangukia wapi. Sanduku la swichi fundi umeme anataka elfu hamsini kulihamisha.